Laptopu Nyembamba, Msonyo Mnene

Mxiuuu!

Nimesonya hadi wacheza drafti wakaacha kete hewani. Na hapa kijiweni kwetu Makanya, chini ya mwarobaini unaotazamana na lami ya Dar na Arusha, mtu hasonyi bure. Msonyo ni kama hati ya mashtaka. Ukishautoa, wazee wanakugeukia: "Eleza." Ukishindwa kueleza, kahawa ya wote iko kwako. Basi naeleza, maana vikombe leo ni vingi na mimi mfukoni nina nauli tu.

Kisa ni mpwa wangu, huyu wa steshenari. Kompyuta yake ya zamani imekata roho wiki iliyopita, kapata laki saba za kununua nyingine, na basi la Dar analipanda kesho alfajiri. Kaja na simu mkononi, meno yote nje.

"Shikamoo mjomba. Hebu ona hiki chuma."

Marahaba, nikaangalia. Laptopu nyembamba kama chapati ya mwisho wa mwezi. Inang'aa. Ukiitazama kwa ubavu hata huioni.

"Ina matundu mangapi?"

"Mawili, mjomba."

"Ya nini?"

"Yote Taipu-C. Ndiyo ya kisasa. Haya mengine yamepitwa na wakati."

Hapo ndipo niliposonya. Sasa nyie mlioacha kete hewani, nihukumuni.

Kijana huyu hafanyi kazi ya kukaa hotelini anakunywa juisi huku akiandika barua pepe. Steshenari yake iko pale, kati ya mama wa makande na duka la pembejeo. Asubuhi anafungua, anakuta mtendaji ana flashi yenye muhtasari wa kikao. Anachomeka. Anakuja binti aliyemaliza kidato cha sita, anaomba mkopo wa elimu ya juu: fomu ichapwe, ipelekwe kusainiwa, irudi, iskaniwe, ipandishwe mtandaoni. Hapo printa imechomekwa, skana imechomekwa. Panya naye ana waya wake. Anaingia mwinjilisti na nyimbo kwenye memori kadi. Anakuja dalali wa jasi, anataka hati za mzigo nakala sita na lori liko nje linaunguruma. Mchana kutwa ni chomeka, chomoa. Mtu wa kazi hiyo unamletea mashine ya matundu mawili, na moja limeshakaliwa na chaja! Figa moja haliinjiki chungu, wazee walishasema.

Mpwa akajitetea. "Nitanunua hab, mjomba. Unachomeka tundu moja, inakupa mengine sita."

Mxiuu ya pili, hii nusu bei. Watani zetu wanapenda kusema Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tumezoea, tunacheka. Lakini kununua laptopu leo, halafu kesho ukaanze kununua matundu yake kando kama mtu aliyenunua nyumba akaambiwa milango inauzwa mtaa wa pili, kesi hiyo hata Mpare haipeleki mahakamani. Na hab ni kama kifuniko cha kalamu: haiharibiki, inapotea. Inabaki kwenye kikao, inabaki kwenye begi la mwenzio, inaondoka na mteja kwa bahati mbaya.

Mimi nasema hivyo kwa kovu, siyo kwa nadharia. Mwaka fulani nilialikwa kusoma mahesabu ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa, huko juu milimani. Nikapanda na bodaboda, begi kifuani, ndani nina laptopu yangu mpya nyembamba, dada wa hii ya mpwa. Nafika, watu zaidi ya hamsini wamekaa kwenye mabenchi, projekta iko tayari juu ya meza. Nainua waya wake: VGA, ile pana ya bluu yenye skrubu mbili ubavuni. Natazama laptopu yangu: vitundu viwili vidogo kama macho ya panya. Adapta nimeiacha Makanya juu ya friji. Nilijisikia kama bwana harusi aliyesahau pete. Mwisho mwenyekiti akanipa chaki, nikaandika mahesabu yote ubaoni, mstari kwa mstari, mkono unauma. Na chaki nyingi za darasani ni jasi hiyohiyo tunayoichimba hapa. Kompyuta ya mamilioni ilinitupa, udongo wa nyumbani ukaniokoa.

"Nyie mnasema tundu," mzee wa reli akaingilia. Huyu alistaafu zamani, lakini bado anatembea kwa hatua za mataruma. "Sisi tulisema upana wa njia."

Tukanyamaza, maana akianza ujue kuna kitu. Hii reli yetu ya Tanga, akasema, Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911. Upana wake, kutoka chuma hadi chuma, ni mita moja kamili. Reli ya Kati hivyohivyo, mita moja, ndiyo maana zikaja kuunganishwa na behewa likatoka Dar likapita hapa bila kuuliza. Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kimya, ilipita juu ya kipimo kilekile. Lakini TAZARA, iliyojengwa miaka ya sabini, kilomita 1,860 hadi Zambia, ina upana wa milimita 1,067, ili ioane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti ni milimita 67. Akatuonyesha vidole vinne alivyovibana: "Hata hivi havifiki." Kwa vidole hivyo vinne, pale Kidatu ilibidi kiwepo kituo cha kushusha mzigo kwenye behewa moja na kuupakia kwenye jingine. Injini nzima, chuma kizima, mzigo mzima, dereva mzima. Njia haioani.

"Na hii ya umeme ya Dar na Dodoma?" mtu akauliza.

"Milimita 1,435. Nzuri kupita zote. Lakini behewa lake ukilileta Makanya litalala kwenye mawe."

Mxiuu. Hiyo siyo yangu, ni ya mzee mwenyewe, na hakuna aliyemwambia aeleze. Alishaeleza.

Hapo ndipo mpwa akaanza kutazama chini. Lakini Mwalimu, anayefundisha hapa jirani na hapitwi na gumzo, akasema tusimwonee kijana. Taipu-C siyo adui, akasema. Ilizaliwa 2014, inaingia upande wowote, haina juu wala chini. Ulaya wamefika mahali pa kuitungia sheria: tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko lazima vichajiwe kwa tundu hilo, na laptopu zikapangiwa kuingia kwenye sheria hiyohiyo tarehe 28 Aprili 2026. Kwa hiyo usinunue mashine isiyo nayo kabisa, utakuja kuhangaika na chaja mbele ya safari.

"Kosa," Mwalimu akasema, "ni kudhani tundu jipya likizaliwa, la zamani linakufa. Hapa kwetu tundu halizikwi."

Ni kweli tupu. VGA ilitoka 1987. Mwaka 2010 makampuni makubwa ya kompyuta yalitangaza kwamba ifikapo 2015 yataachana nayo. Taarifa hiyo haikuifikia projekta niliyoikuta kule mlimani. USB ile pana, ya flashi, ilianza 1996, na ndiyo mwanadamu wa kawaida anayoijua. HDMI ni ya 2002: inapeleka picha na sauti kwa waya mmoja, na runinga zote za kwenye baa zinayo. Hata Apple, mwaka 2016 waliondoa karibu kila kitu kwenye MacBook Pro wakabakiza Taipu-C na tundu la sikioni. Miaka mitano baadaye, 2021, wakairudisha HDMI, wakarudisha na mlango wa memori kadi. Kama mwenye mali nyingi alirudi nyuma, wewe wa laki saba unakimbilia wapi?

Kuna mtego mwingine, na hapa naomba bodaboda mnyamaze maana nyie ndio mnaojidai chaja moja inachaji dunia nzima. Matundu ya Taipu-C ni Kulwa na Doto. Sura moja, tabia mbalimbali. Moja linapokea chaji, linatoa picha kwenye projekta na linapitisha mafaili. Pacha wake linapitisha mafaili tu. Chaji halipokei, picha halitoi. Kwa nje yamefanana. Mengine yana alama ndogo pembeni, mshale wa radi au kaherufi kama D, mengine hayana hata nukta. Kwa hiyo dukani usiambiwe, uone. Mwambie muuzaji achomeke waya wa runinga mbele yako. Achomeke chaja mbele yako. Mkono wa muuzaji ukisita, na wewe pochi isite.

Na tundu la intaneti ya waya je? Vijana wanacheka. Lakini nenda kwenye ofisi ambayo Wi-Fi yake inasinzia saa nne asubuhi, uone nani anaendelea na kazi. Ofisi moja, siitaji, ilinunua laptopu mpya nyembamba kwa watumishi wake, na mtandao wa pale ulikuwa wa waya ukutani. Wakakaa wiki nzima wanasubiri adapta, mashine mpya zimepangwa mezani kama vyombo vya kabatini. Aliyenunua hakuwahi kumuuliza anayetumia: unachomeka nini? Laptopu nyembamba nyingine zinakuwekea tundu la waya lenye taya, unalipanua kama mdomo wa mamba ndipo waya uingie. Taya hilo likivunjika, kwaheri.

Mwalimu akakumbusha vile vishikwambi vya sensa ya 2022, vilivyogawiwa kwa walimu baada ya kuhesabu watu. Akasema chake anakipenda, anasomea, anatunzia mahudhurio. Lakini mtihani wa darasa la nne akitaka kuuchapa, anakuja na flashi kwa huyuhuyu mpwa wangu. Kishikwambi hakina kosa, kilinunuliwa kuhesabu watu na watu kilihesabu. Kila chombo na kazi yake. Ndiyo maana wenye Kiswahili sanifu wakaiita laptopu kompyuta mpakato, kitu cha kupakatwa. Mzee wa drafti hajawahi kulikubali jina hilo: "Unapakata mtoto. Kompyuta ya steshenari inabanwa mezani inafanya kazi."

Sasa tuje kwenye uimara, maana matundu mazuri kwenye mashine laini ni meno ya dhahabu kwenye mdomo wenye ufizi mbovu. Makanya siyo Upanga. Hapa tuko upande ambao mlima umetunyima mvua. Malori ya jasi yanapita, vumbi jeupe linakaa kwenye kikombe cha kahawa kabla hujakipuliza. Mkonge nao una nyuzi zake hewani. Joto la mwezi wa pili mnalijua. Juu ya hapo, kila safari ya Mwembe au Bangalala ni ya bodaboda, na barabara inakurusha kama mahindi kwenye ungo.

Mpwa akasema ile yake ina maandishi: imepimwa kwa kiwango cha kijeshi.

"Jeshi gani?" mzee wa reli akauliza, na kijiwe kikaanguka kwa kicheko.

Kiwango kipo kweli, ni cha Marekani, kinaitwa MIL-STD-810. Kinaeleza namna ya kupima chombo kwa joto, mtikisiko, vumbi, kudondoka. Lakini mtengenezaji anaweza kujichagulia vipimo na kujipima mwenyewe, na jeshi lenyewe halijawahi kuiona hiyo laptopu. Kwa hiyo maandishi ni salamu tu. Uimara unaoushika kwa mkono ni huu: fungua kifuniko kwa kidole kimoja, uone kama bawaba zinakwenda pamoja au moja inalia. Bonyeza kibodi katikati, isibonyee kama godoro. Igeuze, uone skrubu za kawaida ambazo fundi wa Same anaweza kuzifungua na kupuliza vumbi kwenye feni. Uliza kama memori imechomekwa au imelehemewa. Iliyochomekwa inabadilishwa kwa dakika kumi. Iliyolehemewa ikifa, imekufa na nyumba yake.

Fundi alishanifundisha jambo moja nikalishika kama amri. Tundu la duara la chaja, la mtindo wa zamani, kwenye mashine nyingi za kazi limewekwa kwenye kijiwaya chake. Likilegea, unanunua kijiwaya, unabadilisha. Taipu-C mara nyingi imelehemewa kwenye madabodi yenyewe. Ikilegea kwa kuchomeka na kuchomoa, hiyo ni operesheni. Ndiyo maana mashine yenye njia zote mbili za chaji ni mali: tundu moja likiugua, jingine linalea familia.

Na umeme ukikatika? Wenzetu wa milimani wana ndiva tangu enzi za mababu: bwawa linajaa maji usiku, asubuhi linafunguliwa shamba linyweshwe. Betri ni ndiva yako. Ujaze umeme unapokuwepo, uteremshe unapokatika. Sasa nani ananunua ndiva bila kuangalia kama inavuja? Laptopu ya mtumba ikiwaka, andika amri ya powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri; itakuandikia betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo umebaki kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, na bei iwe na adabu.

Hapo mpwa akauliza swali la kwanza la maana tangu afike: "Basi mjomba, ninunue ipi?"

Nikamwambia majina ninayoyajua, na siyo ya dukani mapya, maana laki saba haifiki huko. Kuna mashine za maofisini Ulaya zinazokuja kama mtumba, zilizotoka 2018. ThinkPad T480 ina USB pana mbili, Taipu-C mbili, HDMI, tundu la intaneti ya waya na mlango wa memori kadi. Kibodi yake imetengenezewa njia ya kutoa maji, na ina betri mbili, ya ndani na ya nje, unabadilisha ya nje bila kuizima. Dell Latitude 5490 ni nzito kidogo, lakini ina USB pana tatu, HDMI, na ile VGA ya kule mlimani bado iko ubavuni. HP EliteBook 840 G5 nayo ni ya ukoo huo. Yoyote kati ya hizo inaweza kuchoka, ni za mtumba. Ila zikichoka, vipuri vipo, na watengenezaji wamechapisha bure vitabu vya jinsi ya kuzifungua.

Lakini jina halitoshi. Mashine kama hizo zilitoka na prosesa za kizazi cha saba na cha nane ndani ya jina lilelile. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu. Kwa hiyo soma namba: i5-8250U, i5-8350U, ile tarakimu ya mbele iwe 8. Ikiwa 7, mrudishie muuzaji na tabasamu. Iwashe uone haijafungwa na nywila ya kampuni ya huko ilikotoka. Angalia kibodi isiwe ya Kijerumani, Y na Z zimebadilishana viti. Mjerumani alishatuachia reli, na kibodi yake aibakize. Halafu chomeka flashi yako kwenye kila tundu, moja baada ya jingine, muuzaji anakutazama. Tundu la mtumba ni kama shahidi, usimwamini hadi aongee.

"Yote hayo nitayakumbuka vipi Kariakoo, na kelele zile?"

Mzee wa drafti, ambaye muda wote hakusema kitu zaidi ya kukataa jina la mpakato, akachana kipande cha boksi la kashata, akampa na kalamu. "Usiandike jina la laptopu hata moja. Andika vitu unavyochomeka. Kuanzia unapofungua duka hadi unapofunga."

Kijana akainama juu ya benchi. Printa. Skana. Panya. Flashi ya mtendaji. Memori kadi ya mwinjilisti. Akasita, akatazama upande wa shule, akaandika: projekta. Akasita tena, akacheka mwenyewe: chaja. Akahesabu kwa ncha ya kalamu, vitu saba. Basi la Arusha likapita kwa kishindo, vumbi jeupe likatushukia wote. Akasubiri lipite, akaitoa simu, akaitazama tena ile picha ya chapati inayong'aa, vitundu vyake viwili.

Mxiuu.

Msonyo mdogo, wa mtu asiyezoea. Lakini kete zilikuwa zimeshasimama hewani, na wazee wote wamemgeukia.

"Eleza," mzee wa drafti akasema.

Mpwa wangu akainua kile kipande cha boksi, watu wote wakione. "Vitu saba, babu. Matundu mawili."

Hakuna aliyemdai kahawa.